Hipnosisi Mikononi mwa Nani: Vigezo vya Kumchagua Mtaalamu wa Tiba Mchanganyiko

Hipnosisi ni hali ambayo mtu huelekeza umakini wake wote kwenye jambo moja, akapunguza kujali yanayomzunguka, na akawa mwepesi zaidi kupokea madokezo, yaani maneno yanayomwalika ahisi, afikiri au atende kwa namna fulani. Tiba inayotumia hali hiyo ili kupunguza maumivu, hofu au mazoea yanayomdhuru mtu ndiyo inayoitwa tiba ya hipnosisi. Siku hizi ni nadra kumkuta mtoa tiba hiyo anayetegemea hipnosisi peke yake, kwani wengi hujitangaza kuwa wanaichanganya na ushauri nasaha, na tiba ya fikra na tabia, na mazoezi ya kupumua, na mafunzo ya kujenga malengo ya maisha, pamoja na mbinu nyingine zenye majina mapya ambayo mgonjwa wa kawaida hana namna ya kuyapima. Mtu mwenye hofu, kukosa usingizi au maumivu yasiyokwisha hujikuta akichagua kati ya orodha za vyeti, na orodha iliyo ndefu kuliko zote ndiyo humvutia. Uchambuzi huu unatetea hoja moja, kwamba hipnosisi ni mbinu inayohitaji kubebwa na taaluma nyingine, na kwa hiyo anayestahili kuchaguliwa ni yule ambaye angeweza kulitibu tatizo lenyewe hata kama hipnosisi isingekuwapo.

Historia inaeleza kwa nini mbinu hii imezoea kuishi ndani ya taaluma za wengine. Franz Anton Mesmer, daktari aliyehamia Paris kutoka Vienna mwaka 1778, alifundisha kwamba viumbe vyote hupitiwa na kimiminika kisichoonekana alichokiita sumaku ya wanyama, na kwamba maradhi hutokea kimiminika hicho kinapozibwa njia. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya uchunguzi iliyowajumuisha Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier, nayo ikawafunga macho baadhi ya waliopimwa ili wasijue ni lini walikuwa wakielekezewa nguvu hiyo. Ilibainika kwamba watu walitetemeka na kulegea walipoamini kuwa wanaelekezewa, hata pale ambapo hakuna aliyewafanyia chochote, na kwamba hawakuhisi lolote walipofanyiwa pasipo kujua. Tume ikahitimisha kuwa kimiminika hakipo na kilichofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe. Uamuzi huo ulimwangusha Mesmer, lakini uliacha nyuma swali zito ambalo bado ni hai: ikiwa mawazo peke yake yanaweza kuutikisa mwili kiasi hicho, ni nani mwenye ujuzi na haki ya kuyaongoza?

Karne ya 19 ilijibu kwa kuikabidhi kazi hiyo kwa madaktari. James Braid, mpasuaji wa Kiskoti aliyefanya kazi Manchester, alitazama maonyesho ya wafuasi wa sumaku mwaka 1841, akayarudia kwa majaribio yake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1843 akaeleza jambo hilo kwa misingi ya umakini na mfumo wa neva badala ya sumaku. James Esdaile, Mskoti mwingine aliyefanya kazi Bengal nchini India, alianza mwaka 1845 kufanya mamia ya upasuaji akituliza maumivu kwa njia hiyo, hadi etha na klorofomu zilipoingia katika vyumba vya upasuaji mwaka 1846 na 1847 na kuipunguzia umuhimu. Nchini Ufaransa, Jean-Martin Charcot wa Paris aliiona hipnosisi kuwa alama ya ugonjwa wa neva, ilhali Hippolyte Bernheim wa Nancy aliiona kuwa tokeo la madokezo linaloweza kumpata mtu mwenye afya kamili. Tafiti za baadaye zilielekea upande wa Bernheim. Chama cha Madaktari cha Uingereza mwaka 1955, na kile cha Marekani mwaka 1958, viliitambua kuwa na nafasi katika utabibu ikiwa mikononi mwa watu waliofunzwa ipasavyo. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa mgonjwa wa leo, kwa sababu kilichotambuliwa ni matumizi ya hipnosisi ndani ya taaluma yenye mafunzo, maadili na uwajibikaji wake, na siyo hipnosisi inayosimama peke yake.

Kabla ya kufika kwenye mchanganyiko, inafaa kuondoa dhana moja potofu inayowazuia wengi au, kinyume chake, inayowafanya waamini miujiza. Mtu aliye katika hipnosisi hajalala wala hajapoteza nafsi yake. Husikia, kwa kawaida hukumbuka yaliyosemwa, na anaweza kufumbua macho na kuondoka akitaka. Watu hutofautiana sana katika wepesi wa kuipokea hali hiyo. André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 1959 vipimo vya wepesi huo, na tangu hapo imedhihirika kwamba watu wachache huwa wepesi mno, wachache huwa wagumu mno, na walio wengi hukaa katikati. Aidha, waliopimwa tena baada ya miaka 25 walionekana kubaki karibu na viwango vyao vya awali. Kutokana na hayo, mtoa tiba anayedai kuwa kila mtu atafanikiwa kwa kiwango kilekile anapingana na jambo lililopimwa kwa muda mrefu, na anayemlaumu mgonjwa kwa "kutojiachia" anamtwika hatia isiyo yake.

Ushahidi wa manufaa yenyewe una pande mbili, na mchaguaji makini hana budi kuujua kwa kila tatizo peke yake, kwa kuwa jina moja la tiba hufunika matokeo yasiyofanana. Mahali palipo imara ni maumivu na tumbo. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la wagonjwa 30 wenye usumbufu sugu wa utumbo, yaani maumivu ya tumbo, kujaa gesi, na kuharisha au kufunga choo pasipo kidonda kinachoonekana, ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Waliopewa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazungumzo ya tiba na vidonge visivyo na dawa. Kazi hiyo iliendelezwa kwa miongo kadhaa, na mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2008 uliitaja tiba ya hipnosisi miongoni mwa tiba za kisaikolojia za kufikiriwa kwa mgonjwa ambaye dawa hazijamsaidia kwa miezi 12. Katika upasuaji, jaribio la Marekani la mwaka 2007 lililowahusisha wanawake 200 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa matiti lilionyesha kwamba dakika 15 za hipnosisi kabla ya upasuaji zilipunguza maumivu, kichefuchefu na kiasi cha dawa za kutuliza kilichohitajika. Ni mafanikio ya kweli, na yanastahili kutangazwa zaidi hospitalini kuliko yanavyotangazwa.

Upande wa pili ni uvutaji wa sigara, ambao ndio unaojaza matangazo ya barabarani na mitandaoni. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 14, hayakupata ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba hipnosisi huwasaidia watu kuacha sigara zaidi kuliko msaada mwingine wa kiwango sawa. Matokeo hayo hayamkatazi mvutaji kuijaribu. Yanamkataza mtoa tiba kuahidi kwamba kikao kimoja kitamaliza kazi. Tofauti iliyopo kati ya utumbo na sigara inatosha kuonyesha kwamba swali la jumla, kama hipnosisi inafanya kazi au haifanyi, halina jibu lenye maana. Swali linalojibika ni kwa tatizo gani, ikiambatana na nini, na ikifanywa na nani.

Hapo ndipo mchanganyiko unapoingia, na kwa kweli hoja ya kuchanganya ina nguvu zake. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Irving Kirsch na wenzake walizichambua kwa pamoja tafiti 18 zilizolinganisha tiba ya fikra na tabia peke yake na tiba hiyohiyo iliyoongezewa hipnosisi. Tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck alikuwa miongoni mwa walioijenga katika miaka ya 1960, humfundisha mgonjwa kuzitambua fikra zinazozalisha huzuni au hofu, kuzipima kwa ushahidi wa maisha yake, na kubadilisha matendo yake hatua kwa hatua. Kirsch na wenzake walikadiria kwamba mgonjwa wa wastani aliyepewa mchanganyiko alipata nafuu kubwa kuliko angalau asilimia 70 ya waliopewa tiba ya fikra na tabia bila hipnosisi. Wachambuzi wengine waliporudia hesabu za tafiti zilizohusu unene walipata faida ndogo zaidi, kwa hiyo takwimu hiyo isipokewe kama neno la mwisho. Hata hivyo inaonyesha kwamba hipnosisi inaweza kuongeza nguvu pale inapowekwa juu ya tiba ambayo tayari ina msingi.

Wanazuoni wa saikolojia wameitafakari kwa kina kazi ya kuunganisha tiba. Arnold Lazarus alipendekeza mwaka 1967 kwamba mtaalamu anaweza kuchukua mbinu kutoka shule mbalimbali kwa kigezo cha kufaa kwake kwa tatizo lililopo, bila kulazimika kuzikubali nadharia zote zilizozaa mbinu hizo. Wengine walijaribu kuziunganisha nadharia zenyewe, na wengine wakatafuta yale yanayofanana katika tiba zote, kama vile matumaini, maelezo yanayoingia akilini na uhusiano wa kuaminiana. Njia zote hizo tatu zinadai kazi ngumu ya kufikiri, kwa maana mtaalamu hutakiwa kueleza kwa nini mbinu hii imefuatana na ile, kwa mgonjwa huyu, katika wiki hii. Tofauti na kazi hiyo ni mrundikano, ambapo mtu aliyehudhuria kozi fupi nyingi huitoa kila moja kwa zamu, akitumaini kwamba mojawapo itagusa. Fundi seremala hachaguliwi kwa sababu ana randa na patasi nyingi; huchaguliwa kwa mlango aliouweka ukafunga.

Namna moja ya kuutambua muungano wa kweli ni kuuliza ni sehemu gani ya tiba ingebaki hipnosisi ikiondolewa. Mfano wa hofu kupindukia unafaa hapa, iwe ni hofu ya lifti, ya sindano au ya kupanda kivuko. Jambo linalojulikana kuitibu hofu ya aina hiyo ni kumkutanisha mgonjwa na anachokihofia kwa hatua ndogo zilizopangwa, mpaka mwili wake ujifunze kwamba hatari aliyoitarajia haiji. Mtaalamu aliyefunzwa anaweza kuitumia hipnosisi kumtuliza mgonjwa, kumfanya aione safari ya kivuko akilini mwake kabla ya kuifunga kwa miguu, na kumpa dokezo la kupumua pole pole atakapofika gatini. Lakini mwisho wa yote atampeleka gatini. Anayemfumbisha mgonjwa macho kwa vikao 10 bila kumfikisha kwenye kile anachokihofia ameiacha nje sehemu yenye nguvu na kubakiza sehemu yenye starehe. Kadhalika kwa mwenye kukosa usingizi, dokezo la utulivu lina nafasi yake pembeni ya kurekebisha saa za kulala, matumizi ya kitanda na mawazo ya wasiwasi kuhusu usingizi wenyewe, na si badala yake.

Miongoni mwa mbinu zinazoandamana mara nyingi na hipnosisi, ile inayoitwa programu ya lugha na neva inahitaji kuzungumzwa waziwazi. Ilianzishwa katika miaka ya 1970 huko Santa Cruz, California, na Richard Bandler na John Grinder, waliowachunguza watoa tiba mashuhuri, akiwemo daktari wa magonjwa ya akili Milton Erickson ambaye ndiye aliyeipa hipnosisi ya karne ya 20 mtindo wa hadithi na madokezo yasiyo ya moja kwa moja. Waanzilishi hao waliamini kwamba ufanisi wa wataalamu wakubwa unaweza kuchambuliwa na kufundishwa kama utaratibu. Wazo hilo linavutia, lakini mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la madaktari wa familia la Uingereza yalipata tafiti 10 tu za majaribio, na kuhitimisha kwamba ushahidi wa kuitumia kwa ajili ya afya ni mdogo. Mwaka huohuo mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake waliupima ule usemi ulioenea kwamba mwelekeo wa macho hufichua uongo, na haukuthibitika. Mtaalamu mwenye sifa nyingine kamili anayeazima humo namna ya kuuliza maswali hana dosari. Yule ambaye cheti hicho ndicho sifa yake pekee hana msingi wa kumtibu mtu mwenye sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu inayomwondolea mtu nguvu na hamu ya kuishi.

Eneo moja ni la hatari kiasi kwamba linatosha peke yake kumfanya mgonjwa aondoke, nalo ni kutumia hipnosisi kufukua kumbukumbu. Imani kwamba akili huhifadhi kila tukio kama ghala, na kwamba hipnosisi ni ufunguo wa ghala hilo, imekanushwa na utafiti. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa taarifa mwaka 1985 ikieleza kwamba yanayokumbukwa chini ya hipnosisi yanaweza kuchanganyika na mambo ya kubuni, na kwamba yana uhakika mdogo kuliko yanayokumbukwa katika hali ya kawaida. Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilikuwa imeshauwekea mipaka mikali ushahidi wa mashahidi waliofanyiwa hipnosisi tangu mwaka 1982. Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walionyesha mwaka 1995 kwamba, hata bila hipnosisi, takriban robo ya washiriki wao 24 walikubali kikamilifu au kwa sehemu kwamba waliwahi kupotea dukani utotoni, ingawa tukio hilo halikuwahi kuwatokea. Katika miaka ya 1990 familia nyingi za Marekani na Uingereza zilivunjika kwa tuhuma zilizozaliwa katika vyumba vya tiba, na wakati huohuo watu waliodhulumiwa kweli walitiliwa shaka kwa sababu ya mkanganyiko huo. Madhara yalienda pande zote mbili, na ndiyo sababu suala hili halistahili kupuuzwa. Mtoa tiba anayependekeza kumrudisha mteja utotoni ili "kugundua chanzo", au anayedai kumfikisha kwenye maisha aliyowahi kuishi kabla ya kuzaliwa, hafai kuendelea kusikilizwa, hata awe mpole namna gani.

Zipo pia hali ambazo hipnosisi haifai kutangulia. Mtu anayesikia sauti zisizosikika na wengine, mwenye msisimko wa kupindukia usiokwisha, mwenye mawazo ya kujiua, au aliyetoka karibuni katika kiwewe kikubwa, anahitaji kwanza kuonwa na daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba, yaani mtaalamu aliyesomea kuchunguza na kutibu matatizo ya akili kwa njia zisizo za dawa. Vivyo hivyo, maumivu ya tumbo yanayoandamana na damu kwenye choo au kupungua uzito bila sababu ni ya daktari kabla hayajawa ya mtu mwingine yeyote. Mtaalamu mzuri wa hipnosisi huuliza habari hizi katika mazungumzo ya kwanza na huwa tayari kumrudisha mgonjwa hospitalini. Utayari huo wa kukataa kazi ni kipimo cha uaminifu kinachozidi cheti kilichotundikwa ukutani.

Mazungumzo hayo ya kwanza yanapaswa kutazamwa kama usaili ambamo mgonjwa ndiye anayesaili. Mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza mwaka 1979 kwamba uhusiano wa kitiba una nguzo tatu: makubaliano juu ya lengo, makubaliano juu ya kazi zitakazofanywa ili kulifikia, na kifungo cha kuaminiana kati ya wawili hao. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumuisha tafiti 295 ulithibitisha kwamba ubora wa uhusiano huo huambatana na matokeo mazuri ya tiba, bila kujali shule ya mtaalamu. Kwa hiyo hisia ya mgonjwa kwamba amesikilizwa si jambo la ziada la kufurahisha, bali ni sehemu ya tiba yenyewe. Hata hivyo wengi huishia kwenye nguzo ya tatu na kuzisahau mbili za kwanza, wakamchagua mtu mwenye sauti tamu asiyeweza kueleza lengo ni lipi wala litapimwaje. Vipimo vipo na ni rahisi: dodoso la maswali 9 la sonona na lile la maswali 7 la wasiwasi yana matoleo ya Kiswahili, na mtaalamu anaweza kumpa mteja ayajaze mwanzoni na kila baada ya vikao vichache. Kazi za mwanasaikolojia Michael Lambert zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 5 na 10 ya watu wazima walio katika tiba ya saikolojia hali zao huzidi kuwa mbaya, na kwamba mtaalamu asiyepima mara nyingi haoni. Malipo nayo yafuate upimaji huo. Kununua kifurushi cha vikao vingi kwa mkupuo kabla ya kikao cha kwanza humfunga mgonjwa na humlegeza mtoa tiba.

Kwa msomaji wa Kiswahili yapo mambo mengine mawili. La kwanza ni lugha. Tiba nyingi huvumilia mkalimani, lakini hipnosisi hujengwa kwa mdundo wa sauti, picha na kumbukumbu za hisia, na dokezo linalopita kinywani mwa mtu wa tatu hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Mhamiaji wa London au Minneapolis anayeomboleza na kuota kwa Kiswahili ana haki ya kuuliza kama vikao vinaweza kufanyika kwa lugha hiyo, hata kwa njia ya mtandao na mtaalamu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, mradi wamekubaliana kitakachofanyika mawasiliano yakikatika katikati ya kikao na ni nani aliye karibu wa kupigiwa simu. La pili ni imani. Wapo wanaoogopa kwamba hipnosisi ni mlango wa pepo au majini, na hofu hiyo inastahili jibu la heshima. Katika uganga wa pwani wa kupunga pepo, kinachoaminiwa kunena na kudai ni kiumbe kingine kilichompanda mtu, na mganga hupatana nacho. Katika hipnosisi ya kitabibu hakuna anayeitwa wala anayepatanishwa, na sauti pekee ni ya mtaalamu na ya mgonjwa mwenyewe. Papa Pius XII, alipozungumza na madaktari wa nusukaputi mwaka 1957, hakuikataza hipnosisi inayofanywa na daktari kwa ajili ya tiba, bali alitaka iandamane na tahadhari za kisayansi na kimaadili. Mgonjwa anayetaka ndugu yake aketi chumba cha pili, anayekataa kuguswa, au anayeomba kikao kirekodiwe, akubaliwe bila kubishiwa, kwa kuwa hali inayolegeza ulinzi wa mtu inadai ulinzi zaidi kutoka nje.

Linalobaki ni sheria, na hapa mfano wa Uingereza unafundisha kwa sababu watoa tiba ya hipnosisi ni wengi huko na vikao vyao huuzwa hata nje ya nchi hiyo. Sheria ya Hipnosisi ya mwaka 1952 inahusu maonyesho ya burudani mbele ya hadhara, wala haidhibiti tiba. Jina la mtoa tiba ya hipnosisi halilindwi kisheria, na mtu yeyote anaweza kujiita hivyo baada ya kozi ya siku chache. Kinacholindwa ni jina la mwanasaikolojia tiba, ambalo tangu mwaka 2009 hutumiwa tu na aliyesajiliwa na baraza la taaluma za afya. Lipo pia daftari la hiari la tiba asilia lililoanzishwa mwaka 2008, ambalo linawasajili watoa tiba ya hipnosisi wanaokidhi viwango na kupokea malalamiko. Kuwamo humo ni dalili njema, ingawa hakumaanishi kwamba mtu amesomea magonjwa ya akili. Kenya ilichukua njia ya wazi zaidi kwa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaofanya kazi hizo. Tanzania ina Baraza la Madaktari Tanganyika kwa upande wa madaktari, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililotokana na sheria ya mwaka 2002 kwa wanaotoa tiba ya upande huo. Usajili haumgeuzi mtu kuwa hodari, lakini unampa mgonjwa mahali pa kupeleka lalamiko na unampa mtoa tiba kitu cha kupoteza, na mambo hayo mawili hayapatikani kwa mtu ambaye anwani yake ni namba ya simu na ukurasa wa mtandaoni.

Anayekusudia kuanza tiba hii na aulize kwanza bodi iliyomsajili mtaalamu, kisha namba ya usajili huo, kisha ni wagonjwa wa aina gani wenye tatizo kama lake aliowahi kuwatibu na kwa njia ipi, kabla hajauliza chochote kuhusu hipnosisi. Na majibu hayo yakikosekana, asilipe na asianze.